Nyani na Ngedere Ndani ya Simu

Nina kesi, na safari hii siwezi kumburuza mtu mahakamani, kwa sababu mshitakiwa ni mimi, hakimu ni mimi, na karani anayeandika mwenendo wa shauri ni mimi pia. Hilo ndilo lalamiko lenyewe. Nani alikaa akafikiri kwamba binadamu, tena mtu mzima mwenye familia, anaweza kuulizwa "Ulijua jibu au hukujua?" na akasema kweli wakati hakuna anayemtazama?

Niwaeleze ambao hamjakutwa na balaa hili. Kuna programu za simu za kujifunzia kwa kadi. Upande mmoja wa kadi unaandika swali, upande wa pili jibu. Simu inakuonyesha swali, unakuna kichwa, unagusa kioo, jibu linatokea. Kadi uliyoijua inaondoka kwa siku kadhaa. Ukiijua tena inaondoka kwa wiki, halafu kwa miezi. Usiyoijua inarudi leo leo. Kila unapokumbuka, muda unarefuka, ili ukumbushwe pale tu unapokaribia kusahau. Wazo zuri, sina ubishi nalo. Ubishi wangu uko kwenye hatua moja: jibu likishatokea, simu haikusahihishi. Inakaa kimya, inakuwekea vitufe vinne ambavyo kwa Kiswahili ni Tena, Ngumu, Sawa na Rahisi, inakuachia ujipe maksi unazojisikia. Wahenga walilia na kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Hawakuota kwamba ipo siku nyani ataambiwa aamue mwenyewe, ili kupunguza gharama za ngedere.

Sisi tuliosoma shule za msingi za enzi zile tunajua mambo haya huendaje. Zoezi la hesabu likiisha, mwalimu alitamka neno moja tu: "Badilishaneni!" Madaftari yakahama dawati kwa dawati, na lako, kwa bahati isiyoelezeka, likaangukia kwa yule mliyegombana wakati wa mapumziko. Mwalimu hakuwa mjinga. Alijua mtoto akiachiwa daftari lake na kalamu mkononi, 1 itaota kofia na kuwa 7 kabla majibu hayajamalizika kusomwa. Mtihani wa taifa ndiyo usiseme: unaandika namba, jina huandiki, ili anayesahihisha asijue wewe ni mtoto wa nani. Elimu yote ya nchi hii imejengwa juu ya shaka hiyo. Halafu mwaka 2006 Mwaustralia mmoja, Damien Elmes, anatoa programu inayoitwa Anki, anaipa mgongo shaka yote hiyo, na kuniamini mimi. Mimi! Hata mwenye duka la mtaani kwetu, aliyenijua miaka yote, haniamini kiasi hicho.

Nimeingiaje huku? Binti yangu wa kwanza ameolewa Leipzig, na wakwe zake wanakuja kutusalimia. Walikulia Ujerumani Mashariki, ambako shuleni walifundishwa Kirusi, kwa hiyo Kiingereza chao na changu vikikutana havitasaidiana. Mpwa wangu, mwanafunzi wa udaktari anayekaa kwetu Tabata, akachukua simu yangu, akaibonyezabonyeza, akanirudishia. "Anko, dakika ishirini tu kila siku. Ukifika mwezi wa kumi na mbili unaongea nao kama mmekua pamoja."

Kadi ya kwanza iliyotugombanisha ilikuwa ya kijiko. Nikasema "die Löffel". Nikagusa kioo. Jibu: "der Löffel". Sasa niambieni ninyi wenye akili, hapo nimepata au nimekosa? Mjerumani vyombo vya mezani kavigawa bila huruma: kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu hakina upande. Mimi neno nimelitoa, tena na zile nukta mbili juu ya o nimezitamka mpaka midomo ikauma. Kilichopungua ni kile kijineno cha mbele.

"Umekosa, Anko," akasema mpwa wangu.

"Nimepata nusu."

"Hakuna nusu."

"Kama hakuna nusu, hiki kitufe cha Ngumu kimewekwa cha nini? Cha mapambo?"

Alikaa kimya. Nikakibonyeza mbele yake, kwa heshima zote.

Kitufe cha Ngumu ndicho chaka la watu wote wasiotaka kutamka neno "sikujua". Kwa jina lake mtu unadhani maana yake ni "nimekosa, lakini kiungwana". Kumbe kwenye hesabu za programu hiyo Ngumu ni kufaulu. Kwa mpangilio wake wa zamani, kadi iliyokuwa imekaa siku 10, ukiibonyeza Ngumu, siku hizo zinazidishwa kwa 1.2, zinakuwa 12. Soma tena hapo. Jibu hukulijua, roho yako inajua hukulijua, na kadi imepewa likizo ndefu kuliko ya mwanzo. Kila kadi ina namba yake ya wepesi inayoanzia 2.5, Ngumu inaipunguza kwa 0.15 na Tena kwa 0.20. Kwa tofauti hiyo ya chenji, nani atakubali aibu ya Tena, kuanza upya na kadi ya kijiko kama mtoto wa chekechea?

Msidhani wanaojionea ndio walio salama. Mama watoto naye kaweka kadi zilezile kwenye simu yake, maana wakwe ni wetu sote, na yeye ana ugonjwa wa upande wa pili. Anaona kijiko, anasema "der Löffel" barabara, halafu anabonyeza Ngumu. Namuuliza kwa nini. "Nilisita kidogo." Mke wangu, hata mchungaji husita kidogo kabla ya kusema Amina! Kwa unyenyekevu huo namba ya wepesi inashuka kadi kwa kadi mpaka 1.3, ambako programu imeweka sakafu. Kadi ikifika hapo, muda wake haurefuki ipasavyo tena, kila ukifungua simu ipo mlangoni. Watumiaji wenyewe wameipa hali hiyo jina la jehanamu, na mke wangu yumo humo kila jioni, anarudia vitu anavyovijua kuliko Wajerumani, wakati mimi nisiyejua nimeshamaliza zangu natazama taarifa ya habari. Kama huo ndio uadilifu, mtaona wenyewe unavyolipwa.

Mpwa wangu, mwenye kiherehere cha kunikosoa, tulimbamba juzi. Anasomea neva za fuvu, zile 12, na zote amezirundika kwenye kadi moja. Akazihesabu kwa vidole, akafika 11, akakwama, akaguna, akageuza kadi, akabonyeza Sawa. Nikamwambia: "Daktari, mgonjwa wa neva ya kumi na mbili tumpeleke hospitali gani?" Akaanza kunieleza habari za asilimia. Mimi na kijiko changu nilinyimwa nusu. Yeye na fuvu la mtu anajipa daraja la kwanza.

Jirani yetu wa upande wa kushoto, mzee mstaafu, hana hata programu yenyewe. Yeye huja barazani, anasimama nyuma ya bega langu, anasubiri jibu litokee, kisha anasema, "Hilo mbona nalijua." Kila kadi. Kadi ya kisu, "hilo mbona nalijua". Kadi ya fadhila za wageni, "hilo nalo linataka elimu?" Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwa majaribio kwamba mtu akishaambiwa jambo liliishaje, huona kwamba tangu mwanzo angelitabiri, wala hajui kuwa taarifa aliyopewa ndiyo iliyomgeuza nabii. Sidhani kama Fischhoff amewahi kufika Tabata, lakini jirani yangu angemtosha kwa utafiti wote.

Nikatafuta wa kulaumu, na msururu wa walaumiwa ni mrefu. Wa kwanza ni Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeandika kitabu cha kumbukumbu mwaka 1885. Alitunga silabi zisizo na maana, zipatazo 2,300, akawa anazikariri peke yake, kwa mapigo ya saa, akipima zinavyomtoka. Lakini huyu nilipomchunguza nikamwachia huru. Hakuwahi kujiuliza "Nakumbuka?" halafu akajipa maksi. Alihesabu muda aliotumia kuujifunza mfululizo wa silabi mara ya kwanza, na muda aliotumia kuujifunza upya baada ya kusahau. Kilichookolewa ndicho alichokiita kumbukumbu. Baada ya siku moja alikuta kinachookolewa ni kama theluthi moja tu. Kasome kilekile, saa itasema, mdomo nyamaza. Mtu huyo hakujiamini hata yeye mwenyewe, na ndiyo maana sisi tunamwamini mpaka leo.

Wa pili ni Sebastian Leitner, ambaye mwaka 1972 aliwafundisha Wajerumani kujifunza kwa sanduku la kadi lenye vyumba. Ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele. Ukikosa, inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa imebakiza hatua moja. Majibu mawili. Huyu naye aende nyumbani.

Mwenye kesi ni wa tatu, Mpolandi Piotr Woźniak. Mwaka 1985 alianza na karatasi, mwaka 1987 akaingiza hesabu zake kwenye kompyuta, na hapo akafungua soko la madaraja: kuanzia 0 hadi 5. Sifuri ni giza tupu. Moja, umekosa, ila jibu ulipoliona ukalikumbuka. Mbili, umekosa, ila jibu ulipoliona ukaona lilikuwa jepesi. Tatu, umepata kwa jasho. Nne, umepata baada ya kusitasita. Tano, bila kupepesa. Jamani, madaraja matatu ya kukosa! Hilo la pili nina hakika lilitungwa na mtu anayemfahamu jirani yangu. Elmes alipochukua hesabu hizo akayapunguza, tukabaki na vitufe vinne, na tunatakiwa tushukuru.

Walichoongeza juu ya vitufe ndicho kimenimaliza kabisa. Juu ya kila kitufe imeandikwa utakutana na kadi hiyo lini tena: hiki dakika 10, hiki siku 12, hiki mwezi, hiki miezi miwili. Msahihishaji gani anaonyeshwa posho kabla ya kutoa maksi? Swali linageuka hapo hapo. Si "ulijua?" tena, ni "hii sura unataka kuiona lini?" Na mimi kadi ya vitenzi vinavyokatika katikati, kichwa mwanzo wa sentensi na mkia mwisho, sitaki kuiona mpaka wajukuu waoe. Mpwa wangu anasema maandishi hayo yanaweza kufichwa kwenye mipangilio. Nikamuuliza kwa nini hakuyaficha toka mwanzo. Akasema anapenda kuyaona.

Nikaambiwa tulia, mwaka 2023 Anki imewekewa hesabu mpya zinazoitwa FSRS, kazi ya Mchina Jarrett Ye. Hizo hazikupangii muda kwa namba za jumla, zinajifunza kumbukumbu yako wewe. Nikafurahi: hatimaye ngedere kapatikana! Furaha haikufika jioni. Zinajifunza kutokana na nini? Kutokana na vitufe ulivyobonyeza. Ukibonyeza Ngumu kwa kadi usizozijua, zinaamini kadi ngumu unazikumbuka, na zinakurefushia muda wa kadi hizo kwa umakini wa hali ya juu. Waliozitengeneza wenyewe wanaonya: ukisahau, bonyeza Tena, Ngumu ni ya aliyekumbuka. Basi hata hesabu za kisasa zinasubiri ushahidi wa nyani.

Huruma pekee niliyoona kwenye programu hiyo ni kwa kadi sugu. Kadi ikiangushwa mara 8 baada ya kuwa imeshaiva, inapewa alama ya ruba, yule mdudu wa kwenye maji anayenyonya damu, na inaweza kusimamishwa isikusumbue. Huruma, lakini haina adabu. Neno lililonishinda mimi ni Schwiegermutter, yaani mama mkwe. Siku moja, mke wangu akiwa ameketi kando yangu na mama yake mzazi yuko hapo sebuleni, simu ikanitangazia kwamba mama mkwe ni ruba. Nieleze vipi mimi? Kwa vitufe vipi?

Watu wa sayansi wanao utetezi wao. Wanasema kujipima, hata kwa hakimu wa aina yangu, kunashinda kusomasoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi: wengine wakayasoma na kuyarudia, wengine wakayasoma na kujipima bila kuyatazama. Waliorudia kusoma walijiona wanajua zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nakubali, lakini mtazame vizuri jaribio hilo linasema nini juu ya kesi yangu: anayejiona anajua ndiye aliyesahau. Na ni huyo huyo anayekabidhiwa vitufe.

Kwa hiyo hapa nyumbani nimetunga sheria, maana anayelalamika bila kutunga sheria ni mpiga kelele.

Sheria ya kwanza: jibu litamkwe kwa sauti kabla ya kugusa kioo. Jibu la kichwani halina msimamo. Likiona jibu la kweli linakuja, linabadilika fasta na kusimama nyuma yake. Kijerumani kina Schlüssel na Schüssel, ufunguo na bakuli, yametengana kwa herufi moja. Kichwani hujui ulisema lipi. Jibu likitokea, ulisema hilohilo, kila mara. Mdomo ukishatamka, na jirani yuko nyuma ya bega, hakuna pa kukimbilia.

Sheria ya pili: vitufe ni viwili, Tena na Sawa. Mpwa wangu akakiri kwamba wengi waliozoea programu hiyo hufanya hivyo hivyo, na akashangaa nimejuaje. Nimejua kwa sababu nilisoma shule yenye tiki na mkasi.

Sheria ya tatu: hakuna kadi yenye mzigo. Huyo huyo Woźniak, kwa haki yake, ameandika kwamba kila kadi ibebe jambo dogo kabisa, na hapo ndipo nusu zote zinapokufa. Kijiko ni kadi moja, kijineno chake ni kadi nyingine. Ukipata moja na kukosa moja, kila moja inahukumiwa kwa jina lake. Neva 12 ni kadi 12. Daktari wetu amenuna, lakini anazikata.

Sheria ya nne ndiyo iliyoleta ngedere wa kweli. Simu yangu wakati wa kujifunza inashikwa na mtoto wetu wa mwisho, darasa la nne. Kijerumani hakijui, na hiyo ndiyo sifa yake kuu: anatazama herufi tu. "Baba, hapa ni d, e, r. Wewe umesema d, i, e." Nikamweleza kuwa kwenye lugha kuna maana, na kuna maandishi, na mtu mzima huangalia maana. Akasubiri nimalize, akabonyeza Tena. Siku iliyofuata nikamnunulia ubuyu. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante baba, akala, akabonyeza Tena kwa kidole chekundu, mpaka leo kioo kina alama.

Naambiwa Kijerumani changu kimeanza kunyooka, na wanaosema hivyo ni watu wasiokijua. Wakwe wakifika watakaa mezani, nitaomba bakuli, na ama litakuja bakuli au utakuja ufunguo wa geti. Baba mkwe wa binti yangu hataniwekea mbele vitufe vinne nichague jinsi ninavyojisikia.

Ombi langu kwa watengenezaji ni dogo. Wakimaliza kuondoa vile viwili vya ziada, watuongezee kimoja, kikubwa, katikati ya kioo, kimeandikwa "Hilo Nalijua, Limenitoka Tu". Kisiunganishwe na kitu chochote. Mtu akibonyeze mpaka roho yake itulie, amwite na jirani abonyeze, halafu ndipo simu iulize tena: Tena, au Sawa?